Kunguni Waliozoea Dawa

Mwaka 1939 Paul Müller wa Uswisi aligundua kwamba DDT huua wadudu. Kunguni wakafa kwa wingi. Lakini kufikia 1947, kule Hawaii, wengine walipigwa dawa hiyo wasife, nao wakazaa wenye nguvu kama wao. Dawa nyingi za siku hizi zimepatwa na yaleyale. Ndiyo maana hapa Malakisi unanyunyiza leo, na kesho bado unajikuna. (Hata mimi nimewahi kuwabeba nyumbani mkobani.)

Tafadhali usinyunyize dawa ya shambani kwenye godoro la mtoto. Kunguni aweza kupona, mtoto adhurike! Tafuta madoa meusi kwenye mishono ya godoro. Chemsha shuka, nyufa za kitanda zimwagie maji yanayotokota. Rudia baada ya wiki moja, maana mayai huanguliwa.