Sewa Haji ni wa Bagamoyo: Tarehe ya Soko Letu

Watu wa Dar es Salaam husema Sewa Haji ni wao, na ushahidi wao ni ile wodi ya Muhimbili yenye jina lake. Waunguja nao humdai, kwa kuwa alizaliwa kwao mwaka 1851 na akafia kwao Februari 1897. Sisi wa Bagamoyo tumenyamaza, na kunyamaza kwetu kumewafanya hata wajukuu zetu wadhani mji huu ulisimamishwa na Stanley, mapadri na Wajerumani. Imeandikwa tarehe hii ili mabishano hayo yakome.

Mwanzo palikuwa na Kaole. Huko walikaa Mashomvi, ambao wazee husema asili yao ni Barawa, wakashuka na pwani hadi hapa wakiwa na majumbe na madiwani wao. Wakamba walipowashukia kwa vita, Mashomvi walikwenda kumwomba msaada Pazi Kilama, Mzaramo, naye akaja na watu wake wakawapiga Wakamba. Tangu hapo Pazi na uzao wake wakawa na haki yao kwa watu wa pwani, ndiyo ile iitwayo kanda la Pazi. Wazaramo hawakuliacha likasahaulika, na walipocheleweshewa walishuka wenyewe kulidai.

Kaole pana msikiti wa karne ya 13, makaburi ya nguzo, na vipande vya vyombo vya Kichina vinavyoonyesha kwamba watu wale walikula katika sahani nzuri kuliko wengi wetu. Pana kaburi la Sharifa, linaloombewa dua mpaka leo, na kisima kisichokauka. Na pana mbuyu ambao ukiuzunguka, husemwa, umri wako huongezeka. Mimi nimeuzunguka, matokeo bado nayasubiri.

Basi mikoko ikaiziba bandari ya Kaole, na biashara ikahamia kaskazini, mwendo wa saa moja kwa miguu, ikatua Bagamoyo. Bandari ya Bagamoyo nayo si bandari ya kujivunia. Maji yakitoka, jahazi hulala juu ya mchanga, na mizigo hubebwa mabegani na wachukuzi walioingia majini mpaka kiunoni. Lakini ng'ambo iko Unguja, na nyuma iko njia ya Unyamwezi na Ujiji. Hayo mawili yalitosha.

Sasa nieleze soko lilivyokuwa, kwa sababu vijana wakisikia "biashara ya pembe" hudhani Mwarabu mmoja alisimama pwani akiwa na mfuko wa fedha. Sivyo. Wanyamwezi walishuka kwa maelfu kila msimu, wakiongozwa na kirangozi, ngoma zikilia na bunduki zikipigwa kabla hawajaingia mjini. Habari zao ziliwatangulia. Matajiri walituma watu wao ng'ambo ya mto Kingani kuwapokea njiani, na huko vishawishi vilianza: huyu anatoa kitambaa, huyu anaahidi mbuzi, huyu anamkumbusha kiongozi kwamba mwaka jana alilala kwake. Aliyempata mgeni alimlaza na kumlisha, na pembe zikawekwa kwake. Madiwani walikuwa na ada yao juu ya pembe iliyouzwa, na forodha ya Sayyid wa Unguja ilikuwa na yake, ikisimamiwa na Wahindi waliokodi kukusanya ushuru. Pembe iliyofika jahazini ilikuwa imekwisha kulisha watu wengi.

Pembe ilipimwa kwa frasila, yaani ratili 35. Ndogo ziliitwa kalasha, na bei yake ilikuwa ndogo. Kubwa zilitengwa kufuatana na ziendako: hizi za Ulaya, hizi za Kachi kule India zikachongwe bangili za maharusi wa Kihindi. Mnyamwezi hakuchukua fedha, kwani bara fedha haikuwa na kazi. Alichukua vitambaa vya merikani kwa gora, na vya kaniki. Alichukua masango ya waya, na ushanga, hasa ule mwekundu uitwao samesame. Na ushanga huo una desturi ya ajabu. Rangi iliyopendwa mwaka jana Ugogo, mwaka huu haitazamwi, na mfanyabiashara aliyeingia bara na ushanga usiotakiwa alikuwa sawa na mtu aliyebeba kokoto. Kwa hiyo aliyejua mambo ya bara, hata kama hajawahi kwenda, ndiye aliyekuwa tajiri.

Pembeni mwa mambo hayo makubwa palikuwa na soko la watu wadogo, ambalo kwa maoni yangu ndilo lililoufanya mji uwe mji. Mpagazi aliyeshusha mzigo alikuwa na njaa, na kurudi kwake kulingoja safari nyingine, pengine miezi. Akala muhogo, mtama, papa mkavu na ng'onda. Akanywa tembo la mnazi. Akanunua chumvi ya Nunge apeleke kwao. Wengine walifanya vibarua kwenye mashamba ya minazi, wakikausha mbata. Wanawake wa mitaa yetu ya Dunda na Magomeni walijenga nyumba kwa faida ya kuwapikia wageni hawa, na wengine waliolewa nao. Nusu ya watu wanaojiita Mashomvi leo wana babu aliyekuja na mzigo kichwani, na wasinikasirikie kwa kulisema.

Katika soko hilo ndipo alipoingia Haji Kanji, Khoja wa Kachi, aliyekuwa na duka Unguja na akafungua jingine hapa kwetu. Mwanawe ni Sewa. Alianza kazi ya duka akiwa kijana wa miaka 18 au karibu yake, na kazi yenyewe haikuwa kuuza kitambaa kwa mkono. Kazi yake ilikuwa kuandaa safari. Mzungu, padri au Mwarabu alikuja na barua ya fedha, naye Sewa akampa vyote: magora, ushanga wa rangi inayotakiwa, masango na wapagazi wenyewe, wakiwa wamefunga mizigo yao kwa kamba, kila mmoja kiasi cha frasila 2. Wahindi wengine wa Mtaa wa India waliuza vitu. Sewa aliuza kuondoka.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya Stanley, maana bila kulimaliza hili siwezi kuendelea.

Henry Morton Stanley alifika Bagamoyo Februari 1871, ametumwa na gazeti la New York Herald kumtafuta Livingstone. Alitaka wapagazi zaidi ya mia, na alitaka haraka. Akaelekezwa kwa Sewa Haji, aliyekuwa na miaka 20 tu. Kijana akamwahidi. Siku zikapita, wapagazi wakaja mmoja mmoja, Stanley akapiga kelele, hesabu zikaletwa, akazikataa, zikaandikwa upya, akazikataa tena, mpaka balozi wa Marekani kule Unguja akaingia kati. Stanley alipoondoka tarehe 21 Machi na msafara wake wa mwisho alikuwa amejaa hasira, na akazimimina katika kitabu chake, akimtaja "Soor Hadji Palloo" kuwa ni mwongo na mjanja. Kitabu kikasomwa dunia nzima. Ndivyo mtoto wetu alivyojulikana Ulaya kabla hajaota ndevu vizuri.

Wanaosoma kitabu hicho humhukumu Sewa. Lakini tazama hali yenyewe. Kipindupindu kilikuwa kimepita pwani na Unguja muda mfupi kabla, na Wanyamwezi waliogopa kushuka. Masika yalikuwa mlangoni, na kila mtu sokoni alijua kwamba mgeni huyu hawezi kungoja mvua. Na mgeni mwenyewe alikuwa ameonyesha wazi kuwa fedha anazo na wakati hana. Mfanyabiashara gani hapa duniani angepewa mteja wa namna hiyo asipandishe bei? Kwamba kijana alizidisha hesabu, sikatai. Wazee wetu wenyewe hawakukataa, walicheka. Ila wapagazi walipatikana, misafara mitano ikaondoka, na Livingstone akaonekana Ujiji mwaka huohuo. Wapagazi hao Stanley hakuwaokota ufukweni.

Turudi kwenye tarehe. Mapadri wa Roho Mtakatifu walikuwa wamefika mwaka 1868, wakajenga na kulima. Februari 1874 Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, waliileta maiti yake, ikalala misheni usiku mmoja, ikapelekwa Unguja na kisha London. Mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani ilishika forodha, Abushiri akainuka kupigana nao, manowari yao ikaleta wanajeshi, mji ukachomwa na watu wakakimbilia misheni. Mwaka uliofuata Abushiri alinyongwa Pangani. Hayo yameandikwa vya kutosha na wengine.

Kilichoandikwa kidogo ni kisa cha Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa jimbo la Ikweta, nami nakipenda kuliko vita. Tarehe 4 Desemba 1889 Stanley alirudi Bagamoyo, safari hii akitokea upande wa Kongo, akiwa na Emin aliyesemekana ameokolewa. Wajerumani wakafanya karamu ghorofani, muziki ukapigwa, na chini barabarani watu wa safari nao wakala na kucheza. Emin alikuwa haoni vizuri. Katikati ya furaha akatembea chumba cha pili, akafika dirishani, akadhani ni mlango wa roshani, akapita. Mtu aliyeishi miaka mingi kati ya vita na homa za Ikweta, akasafiri kutoka huko hadi pwani, akaanguka kutoka dirisha la Bagamoyo usiku wa karamu yake. Hakufa. Alilazwa hospitali, akapona, na mwaka uliofuata akarudi bara na Wajerumani, akimwacha Stanley na maneno yake.

Na kwa kuwa nimeingia katika maajabu, nitaje mnyororo wa misheni. Bibi mmoja Mfaransa, Madame Chevalier, aliyekuwa akiwauguza wagonjwa hapa mwishoni mwa karne ya 19, alifunga mnyororo kwenye mbuyu ili amfunge punda wake. Punda alikwenda zake, bibi alikwenda zake, mnyororo ukabaki, na mti ukaumeza. Leo kinaonekana kipande kidogo tu kikichomoza katika gome. Wageni hupigwa picha nacho na wengi huambiwa ni mnyororo wa watumwa. Si kweli, ulikuwa wa punda. Utumwa wa Bagamoyo ulikuwepo na ulikuwa mchungu, hauhitaji kuazima mnyororo wa mnyama.

Baada ya vita vya Abushiri, Sewa Haji alikuwa mkubwa kuliko zamani, kwani serikali ya Kijerumani nayo ilihitaji mizigo ipande bara kila siku. Lakini ukubwa wake hasa ulionekana alipoanza kutoa. Mwaka 1896 alitoa nyumba ya ghorofa tatu hapa Bagamoyo iwe shule, na akaweka sharti kwamba wasome humo watoto wa rangi zote. Tafakari mwaka huo, tafakari serikali hiyo, kisha tafakari sharti hilo. Jengo lipo, ndiyo Shule ya Mwambao. Aliwakumbuka wakoma wetu. Akatoa fedha za hospitali ya watu wa Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1897 kwa jina lake. Mwaka 1956 wagonjwa wakahamishiwa hospitali mpya, ambayo baada ya uhuru ikaitwa Muhimbili, na jina likahama nao likawa la wodi. Na alipokufa, aliacha mali kwa ajili ya kuwasaidia wagonjwa na maskini.

Basi nawauliza watu wa Dar es Salaam: fedha hizo zilitoka wapi? Zilitoka katika frasila zilizopimwa Bagamoyo, kwa migongo ya Wanyamwezi waliolala Bagamoyo. Walichopata Dar es Salaam ni sadaka, na mpewa sadaka hadai ukoo. Waunguja nawajibu kwa ufupi zaidi. Mtu hachagui pa kuzaliwa wala pa kufia, ila pa kufungua duka huchagua.

Baada yake biashara ilishikwa na Alidina Visram, aliyekuja hapa akiwa mtoto na kujifunza kwake. Akaeneza maduka hadi Uganda, akahamia huko na Mombasa, akafa 1916. Soko hilohilo lilimkuza pia Sheikh Ramiya, aliyeletwa mtumwa kutoka Manyema, akaanza kwa kuuza samaki, akanunua minazi, akasoma mpaka akawa khalifa wa tarika ya Kadiria na liwali wa mji huu. Alifariki 1931, na ziara yake hujaa watu kila mwaka. Yeye anastahili tarehe yake peke yake, na wajukuu zake wapo, waiandike.

Na serikali ya Wajerumani ilikwisha kuhamia Dar es Salaam tangu mwaka 1891. Reli ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914, na kila ilipofika iliwavua wapagazi mizigo. Wahindi wa Mtaa wa India wakafunga milango yao ya nakshi, familia baada ya familia, wakaifuata reli. Wanawake wa Dunda na Magomeni hawakuwa na mahali pa kuhamia, wakaendelea kukaanga samaki na kuuza, na wanauza mpaka leo ufukweni, karibu na jengo la forodha ya Wajerumani ambalo halitozi tena kitu.