Uzito wa Kompyuta ya Safari

Historia ya kompyuta ya kubebeka husimuliwa kwa kawaida kama historia ya kupungua kwa uzito. Masimulizi hayo ni ya kweli, ila hayajitoshelezi. Kwa mtu aliyetaka kufanya kazi ugenini, uzito wa chombo ulikuwa sehemu tu ya tatizo. Sehemu ya pili ilikuwa ni vitu ambavyo chombo hicho kilivitegemea.

Mnamo Aprili 1981, Adam Osborne alionyesha huko San Francisco kompyuta iliyoitwa Osborne 1. Ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi, kioo cha inchi 5, na bei ya dola 1,795. Ilifungwa kama sanduku, ikabebwa kwa mkono. Lakini haikuwa na betri ndani yake. Msafiri alichukua mashine, umeme akaukuta huko aendako, au asiukute.

Mwaka 1983 ilitokea TRS-80 Model 100, iliyotengenezwa na kampuni ya Kyocera ya Japani na kuuzwa Marekani na Tandy. Hiyo ilikuwa na kilo 1.4 tu. Betri 4 za kawaida, za aina itumiwayo katika redio na tochi, ziliiendesha kwa saa 20 hivi. Kioo chake kilionyesha mistari 8 tu ya herufi 40, lakini ndani yake mlikuwa na modemu. Waandishi wa habari waliipenda mno: habari iliandikwa palepale ilipotukia, kisha ikapelekwa gazetini kwa njia ya simu. Mwaka huohuo Steven K. Roberts aliondoka Columbus, jimboni Ohio, kwa baiskeli, akaendelea na kazi yake ya uandishi barabarani, akipeleka makala zake kwa simu za umma. Kitabu chake Computing Across America kilitoka mwaka 1988. Inafaa ikumbukwe kwamba Roberts alisafiri ndani ya nchi yake mwenyewe, ambamo hakuhitaji viza.

Hatua iliyofuata inaigusa Kongo moja kwa moja. Mwaka 1980, huko Oxford, John Goodenough na wenzake walionyesha kwamba mchanganyiko wa lithi, kobalti na oksijeni waweza kuhifadhi umeme mwingi katika nafasi ndogo. Mwaka 1991 kampuni ya Sony ilianza kuuza betri za namna hiyo, nazo zikaenea katika kompyuta za safari. Wakati huohuo Katanga ilikuwa katika msiba: mwezi Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, ilikuwa imeporomoka, na uzalishaji wa Gécamines ukashuka vibaya. Yaani, madini ya Katanga yalipata soko jipya katika miaka ileile ambapo kampuni iliyoyachimba ilikuwa ikianguka. Leo zaidi ya nusu ya kobalti ichimbwayo duniani hutoka Kongo, na sehemu yake huchimbwa kwa mikono, kwa sururu na koleo.

Betri ilipotosha na simu ikageuka intaneti, kilichobaki kumzuia msafiri kilikuwa mpaka. Mwaka 2020 Estonia ilitunga viza maalumu kwa wafanyao kazi mbali na waajiri wao. Ilidai mapato ya euro 3,504 kwa mwezi. Kwa sharti hilo, aliye na kipato hicho alifunguliwa mlango. Mchimbaji wa Kolwezi, ambaye kobalti yake imo ndani ya kompyuta ya msafiri huyo, hakuhesabiwa.

Kwa hiyo uzito haukutoweka. Ulihama kutoka mkononi mwa msafiri ukaenda mgodini na mpakani. Historia inayoanzia San Francisco na kuishia katika uwanja wa ndege huacha nje nusu ya wahusika wake. Nusu hiyo yapaswa kuandikwa, na mahali pa kuianzia ni Kolwezi, ambako wengi wa wahusika hao wazungumza Kiswahili.