Petroli, Mswaki na Uzi wa Platini

Katika zama za kabureta, fundi wa motokaa wa Kampala hakuwa na haja ya dawa nyingi, kwani petroli yenyewe, ikimiminwa koponi pamoja na mswaki uliochakaa, ilitosha kuondoa masizi na uchafu wote wa injini, na mwanafunzi aliyeingia gereji alianza elimu yake kwa kusugua vyuma kabla hajaruhusiwa kushika spana.

Desturi hiyo ilistawi Katwe, mtaa uliokuwa chini ya serikali ya Kabaka, mfalme wa Buganda, nje ya mipaka ya manispaa ya kikoloni, ambako mafundi wa Kiafrika walipata nafasi ya kufungua karakana zao. Ikazidi kukita mizizi baada ya mwaka 1972, Rais Idi Amin alipowapa Waasia, walioshika sehemu kubwa ya biashara, siku 90 waihame nchi, spea zikaadimika, na fundi akalazimika kukihuisha kifaa kikuukuu kwa kuwa kipya hakikupatikana. Kusugua kwa nguvu ndiyo iliyokuwa riziki yake, na ndiyo fahari yake.

Walakini, mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitoa sensa, yaani mtambo wa kupima hewa iingiayo injini, yenye uzi wa platini, mwembamba kama unywele, unaopashwa moto kwa umeme: hewa ipitapo huupoza, na kadiri ya umeme unaohitajika kuurudishia joto lake ndiyo inayoijulisha kompyuta ya gari hewa iliyoingia, ipate kukadiria petroli. Magari makuukuu ya Japani yalipomiminika kupitia Mombasa katika miaka ya 1990, sensa za namna hiyo zikafika hadi Soko la Kisekka, soko la spea la Kampala. Vumbi jekundu la Kampala likiugandama uzi, hesabu huharibika, na gari likakosa nguvu au likanywa petroli kwa israfu.

Hapo ndipo ustadi wa kale ulipogeuka hatari. Mswaki huukata uzi, na hewa ya kompresa kadhalika. Petroli huacha utando. Na dawa ya kabureta, ambayo aghalabu ina asetoni au tolueni, hula plastiki. Dawa ya salama ni ile iliyotengenezwa mahsusi kwa sensa ya hewa, ya jamii ya heksani au alkoholi ya isopropili, ikaukayo upesi pasipo kuacha masalio. Sensa huchomolewa injini ikiwa imezimwa na kupoa, hunyunyiziwa bila kuguswa kwa kidole wala kitambaa, kisha huachwa ikauke kabisa, kwani mvuke wa dawa hiyo hushika moto.

Tangu sheria ya mwaka 2018 ilipokataza kuingiza Uganda magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi, gari lisilo na sensa limezidi kuwa nadra gerejini. Mwanafunzi wa Katwe wa zama zile alianza kazi kwa kusugua. Wa leo na aanze kwa kusoma maandishi ya kopo, na kwa subira ya kungoja uzi ukauke.