Chuma Kinapoingia Katika Udongo

Msomaji, wewe ukaaye Bungoma au Kitale, huenda hujafikiri kwamba jembe la mababu na jino la kauri la siku hizi ni ndugu. Katika kazi zote mbili, madini hukutana na udongo motoni, nayo huupenya.

Zamani, kabla ya majembe ya viwandani kuletwa, Wabukusu walikuwa na wahunzi wao, na Wasamia walisifika kwa chuma walichoyeyusha na kuuza kwa jirani zao. Mawe ya chuma yalitiwa tanurini pamoja na makaa, na mivukuto ikapuliza hewa kwa mirija ya udongo. Joto lilipofika kadiri ya digrii 1,200, chuma chenyewe hakikuyeyuka, kwani hutaka digrii 1,538. Kilichoyeyuka ni mavi ya chuma. Hayo yalikula midomo ya mirija, chuma kilichomo kikauingia udongo, nao ukawa kama kioo cheusi. Mwaka 1976 wazee wa Buhaya, Tanzania, walifanya kazi hiyo tena mbele ya wataalamu, wakaonyesha ujuzi uliokuwa karibu kusahauliwa.

Sasa tazama kazi ya meno. Mwaka 1962, huko Marekani, Weinstein na wenzake walipata haki ya uvumbuzi wa kuchomea kauri juu ya mchanganyiko wa dhahabu. Ndani ya dhahabu hutiwa bati au chuma kidogo. Motoni madini hayo hupanda juu, hushikana na oksijeni, kisha huingia katika kauri na kuifunga imara. Yasipofanya hivyo, kauri hubanduka mtu atafunapo. Lakini fedha ikizidi, mvuke wake huitia kauri rangi ya manjano au kijani.

Waona basi kwamba moto wa mhunzi na moto wa fundi wa meno hufuata sheria moja. Wako waliodai kwamba wazee wetu hawakuwa na elimu. Wazee hao hawakuandika vitabu. Ushahidi wao ni vigae vilivyoungua. Kwa hiyo, ukikuta shambani kipande cha mrija chenye mdomo mweusi, usikitupe wala usikihamishe. Mwambie mwalimu wako, au peleka habari kwenye Makumbusho ya Kitale, yaliyofunguliwa mwaka 1974. Kigae kikipotea, ukurasa wa historia yetu umepotea nacho.