Mafuriko ya Mto Mississippi na Hesabu ya Hasara

Tarehe 21 Aprili 1927, huko Marekani, tuta la udongo lililozuia Mto Mississippi lilibomoka mahali paitwapo Mounds Landing, maji yakaingia mashambani. Mwaka ule mafuriko yalifunika nchi ipatayo maili za mraba 27,000, na watu zaidi ya 600,000 wakakosa makao. Habari ya maji yenyewe imesimuliwa mara nyingi. Sisi twapenda kusimulia habari ya msaada uliofuata, maana ndiyo imhusuyo mkulima.

Wengi wa waliopatwa na msiba ule walikuwa watu weusi, wana na wajukuu wa watumwa, wasio na ardhi yao. Mtu alilima pamba katika shamba la tajiri, akakopeshwa mbegu, chakula na nyumbu wa kulimia, na wakati wa mavuno wakagawana. Hesabu iliandikwa katika daftari la tajiri, na mkulima mara nyingi hakuweza kuisoma.

Katika mji wa Greenville maelfu walikimbilia juu ya tuta. Mwenyekiti wa kamati ya msaada, William Alexander Percy, alitaka kuwavusha kwa meli. Wenye mashamba wakakataa, na baba yake mwenyewe alikuwa upande wao, kwa kuwa walihofu kwamba watu wakienda hawatarudi kulima. Basi meli zikaondoka bila wao. Waliobaki wakalindwa na askari wenye bunduki, na mwanamume asiye na kipande cha kazi hakupewa posho. (Babu zetu wa Kenya, waliovaa kipande shingoni enzi za ukoloni, wangalielewa jambo hili bila kufasiriwa.)

Chama cha Msalaba Mwekundu kilifungua kambi 154 kwa fedha za michango, kikatoa chakula, nguo, na mbegu za kupanda upya. Nia ilikuwa njema. Lakini mahali pengi vitu vilikabidhiwa kwa mwenye shamba ili awagawie watu wake, na wako walioviandika katika daftari kama mkopo. Mkulima aliyepoteza kila kitu akadaiwa sadaka aliyopewa bure na watu wasiomjua.

Mambo haya yalifichuliwa na Ida B. Wells katika gazeti la Chicago Defender. Ndipo Herbert Hoover, Waziri wa Biashara aliyesimamia msaada, akaweka tume ya watu weusi chini ya Robert Moton, mkuu wa chuo cha Tuskegee baada ya Booker T. Washington. Wajumbe walizunguka kambini, wakaandika waliyoyaona. Mengine yalirekebishwa, lakini yaliyokuwa mazito Hoover aliomba yasitangazwe, akamtia Moton tumaini la mpango wa kuwauzia wakulima weusi ardhi. Moton akanyamaza. Hatumwiti mwoga, maana aliwatafutia watu wake mashamba. Ila twaona aliitoa ripoti yake kwa bei ya ahadi. Hoover alichaguliwa kuwa Rais mwaka 1928, na mpango ule haukutimizwa.

Sheria ya tarehe 15 Mei 1928 iliitwika serikali kazi ya kuuzuia mto, na matuta yakajengwa upya. Wakulima wengi hawakungoja. Walipanda gari la moshi kwenda Chicago na miji mingine ya kaskazini, wakatafute kazi ya mshahara.