Santuri, Redio na Kanda: Jinsi Valvu Zilivyopita Kando ya Lamu

Machi 1928 mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad na wenzake waliabiri kutoka Unguja kwenda Bombay kuirekodia kampuni ya Gramophone, ile yenye nembo ya mbwa anayetega sikio mbele ya gramafoni, His Master's Voice. Zama za mwimbaji kuinama na kuimbia ndani ya pembe la bati zilikuwa zinakwisha. Tangu 1925 kampuni hiyo ilikuwa imeanza kurekodi kwa maikrofoni na umeme. Lakini umeme unaotoka kwenye maikrofoni ni dhaifu mno, hauna ubavu wa kusukuma sindano ichonge mifuo kwenye nta. Sharti ukuzwe kwanza, na siku zile hapakuwa na kitu cha kuukuza isipokuwa valvu: kichupa cha kioo kilichonyonywa hewa, ndani yake uzi wa chuma unaowaka.

Santuri hizo ziliporudi Afrika Mashariki na kuuzwa mji hadi mji kandokando ya pwani, zilipigwa kwa mashine isiyojua umeme ni nini. Mtu anazungusha mkono, springi inakaza, sahani inazunguka mara 78 kwa dakika, sindano ya chuma inakwaruza na sauti inatoka pembeni. Kwa hiyo masikio ya visiwani Lamu yalionja kazi ya valvu kabla macho hayajaiona hata moja. Nalitaja hili mapema kwa sababu siku hizi anayetaka priampu ya valvu, yaani kikuza sauti cha awali kinachokaa kati ya pleya na amplifaya kubwa, huambiwa na wauzaji kwamba ananunua sauti ya zamani. Zamani ya nani?

Valvu ya kwanza ilitengenezwa na Mwingereza John Ambrose Fleming mwaka 1904. Ilikuwa na vipande viwili tu ndani na haikukuza chochote. Miaka miwili baadaye Mmarekani Lee de Forest alipachika kijiwavu katikati, na hapo ndipo mambo yalipobadilika: umeme mdogo ukifika kwenye kijiwavu huongoza mkondo mkubwa unaopita, kama usukani unavyogeuza jahazi lenye shehena. Priampu haina siri nyingine zaidi ya hiyo.

Shida ni kwamba valvu ni mlaji. Inataka umeme wa kuuchemsha uzi, na umeme mwingine wa volti nyingi wa kupitisha mkondo. Nairobi, ambako matangazo ya redio yalianza 1928, umeme ulikuwa ukutani. Kwa asiye na umeme, redio ya valvu ilimaanisha betri mbili kwa pamoja, moja ya volti 1.5 ya kuwasha nyuzi na nyingine ya volti 90 hivi. Zikiisha hazijazwi, zinatupwa. Jaribio mashuhuri la kumpa mwananchi wa kawaida redio ya namna hiyo halikufanyika kwetu bali Northern Rhodesia, Zambia ya leo. Harry Franklin, ofisa wa habari mjini Lusaka, aliishawishi kampuni ya Ever Ready itengeneze redio ya valvu nne ndani ya bodi lenye umbo la sufuria ya alumini. Iliingia sokoni 1949 kwa pauni 5, betri mbali, na betri moja ilidumu saa 300 hivi. Pauni 5 za wakati ule hazikuwa pesa ya mchezo kwa mvuvi wa Kizingitini wala fundi wa majahazi wa Matondoni, huku Lamu.

Cha kusikiliza, lakini, kilikuwa kinaongezeka. Mombasa kulikuwa na kituo cha Sauti ya Mvita. Mwaka 1954 Cairo ikaanza kutangaza kwa Kiswahili, na BBC ikafuata tarehe 27 Juni 1957. Mawimbi mafupi hayajali bahari. Aliyekuwa na redio Lamu aliweza kuisikia Misri vizuri kuliko alivyoweza kupata barua kutoka Nairobi, na hamu ya udi wa Kiarabu iliyomo katika taarabu ya pwani ilipata chakula chake humo.

Sasa angalia kalenda. Transista, mrithi wa valvu, ilizaliwa katika maabara za Bell huko Marekani Desemba 1947, na redio ya kwanza ya transista iliyouzwa madukani, Regency TR-1, ilitangazwa Oktoba 1954, mwaka uleule wa Kiswahili cha Cairo. Ndani ya miaka michache Wajapani waliishusha bei, na betri ikawa ile ya tochi. Basi kwa nyumba nyingi za Pate, Faza, Siyu na Ndau, naamini hatua ilikuwa moja tu, kutoka mkono wa gramafoni hadi transista. Enzi ya valvu ilipita kando yao. Ilikuwa studioni, ilikuwa kwenye mitambo ya kurushia matangazo, ilikuwa sebuleni kwa wachache. Haikuwa sauti ya kila kibaraza.

Kilichokuwa sauti ya kila kibaraza ni kanda. Philips waliitoa kaseti mwaka 1963, na katika muongo uliofuata Lamu iliifanyia kazi ambayo wenyewe Philips hawakuiota. Katika uchaguzi wa 1974, na tena 1975, washairi wa Lamu walijibizana kwa tungo zilizopewa jina la Kimondo, na tungo hizo zilitembea kwa kanda kutoka nyumba hadi nyumba. Mwaka huohuo wa 1974 Mahmoud Ahmed Abdulkadir, ambaye wengi tunamwita Ustadh Mau, alitunga Wasiya wa Mabanati, nao ukaenea kwa kanda vilevile. Redio kaseti iliyozipiga ilikuwa ya transista tupu, yenye spika ya upana wa kiganja.

Kando ya kanda zilikuwapo santuri ndogo za inchi 7, za mizunguko 45 kwa dakika. Mombasa, kampuni ya Assanand ilizitoa kwa nembo ya Mzuri, na miongoni mwa waliorekodiwa ni Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu na mpigaji udi ambaye hadi leo sijamsikia wa kumshinda. Aliyebahatika kurithi kasha la santuri hizi ndiye ninayemwelewa akiulizia priampu.

Na huyo namwambia aanze na sindano. Katriji ya kawaida ya sumaku, yaani kile kichwa kinachobeba sindano, hutoa milivolti 5 hivi, wakati pleya ya sidii hutoa volti 2. Mwenye sidii au simu tu hana haja ya kukuziwa kitu. Kwake priampu ni swichi na kitasa cha sauti, na valvu ndani yake ni pambo la bei kubwa. Mwenye santuri anahitaji ukuzaji wa takriban mara 100, pamoja na kurekebisha besi iliyopunguzwa na trebo iliyoongezwa makusudi wakati wa kuchonga. Kipimo cha marekebisho hayo, RIAA, kilikubalika mwaka 1954, hivyo santuri za Mzuri zitakaa sawa. Za Siti hazitakaa. Za kabla ya hapo kila kampuni ilikuwa na kipimo chake, na mifuo yake ni mipana: inataka sindano ya milimita 0.07 hivi, si ile ya 0.025 au chini yake ya santuri mpya, ambayo itazama na kukokota vumbi la chini. Kama una santuri za aina zote mbili, tafuta priampu yenye swichi ya kubadili kipimo, hata ikiwa ni ya transista. Swichi hiyo ina faida kuliko mwanga wa valvu.

Ukikataa ushauri huu na valvu umeishaipenda, angalia iliyomo. ECC83, ambayo Wamarekani huiita 12AX7, hukuza mara 100 kwa makadirio ya kiwandani na ndiyo ya hatua ya santuri. ECC82 hukuza chini ya mara 20 na yafaa pasipohitaji nguvu. Valvu hunasa mtikisiko, kwa hiyo usiiweke juu ya spika. Hewa ya chumvi hula miguu yake na soketi. Ichomoe na kuisafisha mara kwa mara, lakini si mara tu baada ya kuzima, kwani kapasita za ndani huweza kushika mamia ya volti. Umeme nao: mji uliotegemea jenereta za dizeli kwa miaka mingi kabla ya kuunganishwa na gridi ya taifa unajua volti zinavyopanda na kushuka, na nyuzi za valvu hazipendi. Nunua stebilaiza.

Nyumba yenyewe itakubishia zaidi ya mashine. Upana wa chumba cha mawe cha Lamu umeamuliwa na urefu wa boriti za mkoko, chini ya mita 3, huku urefu wake ukienda utakavyo. Kuta ni nene na lipu ya chokaa ni ngumu, sauti inarudi kama ilivyokwenda. Weka spika kwenye ukuta mfupi zitazame urefu wa chumba, tandika zulia, na ikiwa chumba kina zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, acha vitu ndani yake. Huvunjavunja mwangwi vizuri kuliko povu la dukani.

Kwa mwenye kanda tu, pesa ya kwanza iende kwenye mikanda ya mpira ya deki, kusafisha kichwa, na kunakili kila kitu kwenye kompyuta kabla utepe haujagandana. Valvu zinaweza kungoja: ECC83 bado zinatengenezwa Slovakia, Urusi na China. Mwaka ujao zitakuwepo.