Mchupo, Si Teke la Nyuma

Kijitabu cha usalama kazini kilichonifikia kimechapwa kwa rangi, karatasi yake inateleza, na kila neno gumu limekolezwa wino ili msomaji ajue kwamba limefikiriwa. Mojawapo ni "teke la nyuma". Fundi seremala anaonywa ajihadhari nalo atumiapo "msumeno duara wa mkono". Nilimpa kijitabu hicho fundi mmoja anayepaua nyumba kati ya Visiga na Mlandizi. Alikisoma amesimama, akanirudishia, akauliza, "Teke la nani, mzee?" Tangu siku hiyo simwombi mtu radhi kwa kulivalia njuga jambo hili.

Jambo lenyewe halina haja ya maelezo marefu. Aliyewahi kuishika mashine hiyo analijua: diski inabanwa ndani ya ubao, mashine inang'oka kwenye mkato, inamjia mwenyewe. Waingereza wanaliita kickback, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Watunzi wetu walilipasua neno hilo katikati. Kipande cha kwanza wakakuta teke, cha pili wakakuta nyuma, wakavifunga kwa "la" na kwenda kunywa chai. Nashukuru hawakufungua kamusi ya biashara, kwani neno hilohilo lina maana ya pili kwa Waingereza: fungu la siri analorudishiwa mtoa zabuni. Leo tungekuwa tunawaonya mafundi wa Kibaha wajihadhari na hongo ya msumeno.

Teke lina mguu na lina nia. Punda akipiga teke ameudhika, na mchezaji akipiga teke amekusudia. Hilo ningelisamehe, maana lugha haikosi tamathali. Nisilolisamehe ni kwamba teke hupokewa kwa kujikaza. Bunduki nayo husemwa kuwa hupiga teke, na vijana waliopita JKT pale Ruvu wanajua walichofundishwa: kandamiza kitako begani, simama imara, liishie hapo. Fundi aliyeambiwa kwamba msumeno una teke atafanya vivyo hivyo. Ataegemeza mwili wake nyuma ya mashine, kwenye mstari uleule wa mkato, akaze mikono na kusubiri. Hakuna mahali pabaya zaidi pa kusimama. Istilahi imempeleka huko, na kijitabu kilichoandikwa kumwokoa ndicho kilichomshika mkono.

Pendekezo langu, ambalo wanaonisoma wamekwisha kulisikia, ni mchupo. Kitenzi kuchupa ni cha zamani na hakina kilema. Mtu huchupa kitandani akisikia ukunga. Mtoto huchupa mtoni kutoka ukingoni. Aliyezidisha huambiwa amechupa mipaka. Angalia kwamba kila mara kuna pahali palipoachwa, tena ghafla. Kuruka hakuna sharti hilo: ndege huruka kutwa nzima, na msichana huruka kamba palepale alipo. Kwa hiyo "mruko", walioutaja wenzetu wa upande wa pili wakidhani wametupatanisha, haufai. "Mrudisho" haufai kabisa, kwa kuwa unahitaji mrudishaji, na msumeno haurudishwi na mtu. Kuchupa ni kutoka mahali pako bila taarifa. Msumeno ulikuwa ndani ya mkato, sasa haumo. Na mtu akisikia kwamba kitu huchupa, hajikazi. Husogea kando.

Tazama tena jinsi neno linavyotembea: umechupa, huchupa, usiuchupishe, michupo. Kijana anayemshikia fundi ubao anaweza kupiga kelele "Unachupa!" na pumzi ikabaki. Mwenye istilahi ya kijitabu atalazimika kusema "msumeno unapiga teke la nyuma", na kabla hajafika kwenye "la" mwenzake keshafungwa kitambaa mkononi.

Yupo aliyenijibu kwamba tuache kutunga, tuseme "kikibaki", kwa kuwa useremala ni kazi ya maneno ya kukopa. Sina ugomvi na kukopa. Sanduku la seremala limejaa wageni walioota mizizi. Randa ilitoka Uajemi. Msumari ni mismar wa Waarabu. Gundi ni ya Wahindi. Parafujo, ambayo vijana wameanza kuiita skrubu kana kwamba hatukuwa nayo, ni parafuso ya Wareno, na meza ambayo parafujo hiyo inaikaza ni yao pia. Lakini hebu vikague vilivyokopwa: vyote ni vitu. Kitu hushuka jahazini na jina lake. Vitendo havikushuka na jahazi. Kupasua, kuchonga, kutoboa na kuunga vilikuwapo pwani hii kabla ya tanga la kwanza kuonekana, na mgeni mwenye randa alipofika alikuta watu wanachonga. Kinachotokea mkononi kimepewa jina na wenye mkono. Mchupo ni tukio la mkononi, si bidhaa, na mwenye kutaka kulikopea jina aeleze amepungukiwa nini nyumbani.

Jina la mashine yenyewe sitaligombea. Duara tumelipata kwa Waarabu, mviringo ni wetu kutokana na kuviringa, kila kundi la wataalamu limejichukulia lake, na fundi wa Mlandizi anasema "lete mashine" akaletewa hiyohiyo. Ila kama asili ndiyo wanayoipenda mno, wakumbuke kwamba mapema miaka ya 1920 Edmond Michel wa New Orleans alianza kwa kufungia mota kwenye panga la kukatia miwa, na ndipo akafikia msumeno wa umeme wa kushika mkononi mwaka 1924. Kwa mantiki yao tungeliita panga la umeme. Sijasikia mtu akilipendekeza, na naomba asitokee.

Hoja iliyoniudhi kuliko zote ilitolewa katika kikao cha kamati ya istilahi nilimowasilisha neno hili kwa maandishi, kurasa mbili, nikaeleza kila kiambishi. Mjumbe mmoja mwenye shahada zake alicheka. Alisema mchupo unamkumbusha chupa ya soda. Aliyeketi kando yake akanong'ona jina la nguo ya ndani, na kikao kizima kikawa kama darasa la tatu. Kumbukumbu zinasema hoja yangu "iliahirishwa". Naomba nijibu hapa nilichonyimwa nafasi ya kujibu pale. Fundi huyohuyo wa kupaua anafanya kazi juu ya paa. Katika msitu wa Kazimzumbwi, wilayani Kisarawe, paa ni mnyama. Tai hupaa. Mama jikoni hupaa samaki magamba. Maneno manne kwa umbo moja, na bado sijasikia fundi wa Kisarawe aliyepanda mgongoni mwa mnyama kupigilia bati. Watu wazima wanaozungumza Kiswahili hawachanganyikiwi na chupa.

Mwingine, huyu mpole, aliniletea methali. Alisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, hivyo neno "nyuma" limo katika tabia ya msumeno na haliepukiki. Methali ni ya kweli, lakini ni ya msumeno wa mkono wa kwenda na kurudi. Diski haina kwenda na kurudi. Inazunguka upande mmoja: meno yaliyo chini huelekea mbele, yaliyo mbele hupanda juu, ndiyo maana ubao huchanika uso wa juu na mafundi wenye busara huulaza uso mzuri chini. Meno hayo yakinaswa, ubao haukubali kwenda mbele, kwa hiyo mashine ndiyo inayorudi, tena ikiinuka. Na kasi yake haina mzaha. Diski ya milimita 185 ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, ncha ya jino lake inapita mita 48 hivi kila sekunde, ambazo ni zaidi ya kilomita 170 kwa saa. Treni ya SGR inayopita stesheni ya Ruvu mwendo wake wa juu ni kilomita 160. Sijaona mtu akijikaza kuipokea treni, na ndiyo sababu nasisitiza kwamba methali haitusaidii hapa, wala teke.

Mhariri ameomba niguse matumizi, nami nayagusa. Mkato hufumba na kuibana diski ubao ukilazwa juu ya maegemeo mawili ya mbali na kukatwa katikati, kwa kuwa unabonyea. Hivyo egemeza karibu na mkato, na kipande kinachokatwa kiachwe huru kianguke. Mbao mbichi hubana, na mbao za mkaratusi, zenye mkazo wa ndani tangu mti uliposimama, hubana hata zikionekana zimenyooka. Diski butu hubana. Kuikunja mashine ili kurekebisha mstari uliopinda hubana. Simama, rudi, anza upya. Kina cha diski kizidi unene wa ubao kidogo tu, pungufu ya urefu wa jino. Mikono miwili, mwili kando ya mstari. Ikikwama, achia swichi na uishike palepale hadi diski itulie, usiiinue ikizunguka. Kava ya chini isifungwe kwa waya. Waya wa umeme uchomolewe kabla ya kubadili diski. Miwani machoni. Hayo yote yamo pia katika kijitabu, nakiri, na yamepangwa vizuri. Yameharibiwa na jina la jambo linalozuiwa.

Niongeze moja ambalo kijitabu hakina. Wapo mafundi wasio na msumeno huu ambao hufunga diski ya meno kwenye grenda. Grenda ndogo ya kukatia chuma huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika, haina bamba la kulala juu ya ubao, mshiko wake ni mwembamba, na kava yake haikutengenezwa kwa meno ya mbao. Ikichupa haichagui upande. Kwa mashine hiyo hata mimi sina istilahi ya kutosha, na kama kamati inatafuta kazi, ianze kwa kulikataza jambo lenyewe kabla ya kulibatiza.

Limebaki bamba jembamba la chuma linalosimama nyuma ya diski, ndani ya mkato, likiuzuia usifumbe. Misumeno mingi iliyotengenezwa kwa soko la Ulaya inalo. Mingi ya soko la Marekani haina, na madukani kwetu aina zote mbili zinauzwa bega kwa bega, kwa hiyo mnunuzi atazame. Kijitabu kinaliita "kisu pasuzi". Halipasui chochote. Diski imekwisha kupasua. Lenyewe linafuata nyuma na kuuweka mwanya wazi. Kila mpasuaji wa magogo aliyewahi kuchomeka kipande cha mti mgumu kwenye ufa ili msumeno upite anajua kitu hicho kinaitwaje, na hakuhitaji kikao. Ni kabari. Nimeandika barua ya kurasa mbili kulieleza hilo, nimeambatanisha mchoro, na nimeambiwa litajadiliwa pamoja na lile lililoahirishwa.